Kuigeuza barabara ya mjini iwe ya baiskeli na daladala: mwongozo kamili kwa mitaa ya Mtwara

Mtwara mjini ina hazina ambayo miji mingi ya Tanzania haina: barabara pana. Mji huu ulichorwa mwishoni mwa miaka ya 1940, Waingereza wakitarajia kwamba bandari na reli ya Mpango wa Karanga, mradi wao wa kulima karanga kwenye mashamba makubwa, vitazaa mji mkubwa. Karanga zilizovunwa zilikuwa chache mno, mpango ukafutwa mwaka 1951, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli nayo ikaachwa. Mistari ya barabara ilibaki. Kwa hiyo anayetaka kuipa baiskeli na daladala nafasi yao hapa hahitaji kubomoa nyumba ya mtu wala kulipa fidia. Anahitaji kugawa upya upana ambao tayari upo, kwa mpangilio ambao bajaji, lori la korosho na mvua ya masika hazitauvunja.

Mwongozo huu unamfaa diwani, mhandisi kijana, kamati ya mtaa, au chama cha waendesha baiskeli kinachotaka kwenda ofisini na mchoro mkononi badala ya malalamiko.

Jua kwanza barabara ni ya nani

Barabara kuu na za mkoa ziko chini ya TANROADS. Mitaa ya ndani iko chini ya TARURA, iliyoanzishwa mwaka 2017. Manispaa ya Mtwara Mikindani inashika mipango miji, masoko na maegesho. Leseni na njia za daladala ni za LATRA, mamlaka ya udhibiti wa usafiri wa nchi kavu, na trafiki ndio wanaosimamia utii. Ukipeleka wazo lako kwa mmoja tu kati ya hao, litakwama mezani kwa mwingine.

Usianze na barabara yenye malori ya bandarini. Anza na mtaa wa TARURA unaounganisha vitu ambavyo watu wanaviendea kila siku: soko, shule, hospitali, kituo cha mabasi, kivuko cha kwenda Msangamkuu, ng'ambo ya maji. Mita 500 hadi 800 zinatosha kwa awamu ya kwanza, mradi zianze mahali na zifike mahali. Njia ya baiskeli inayokatika katikati ya safari haipati wapandaji, na baadaye uchache wao utatumiwa kama ushahidi dhidi yako.

Angalia kalenda pia. Mwaka wa fedha huanza Julai 1, na mapendekezo ya bajeti hukusanywa miezi mingi kabla. Wazo lililopita kwenye mkutano wa mtaa na kamati ya maendeleo ya kata mwezi Septemba au Oktoba lina nafasi. Lililoletwa Machi litangoja mwaka mzima. Ujenzi wenyewe upange kati ya Juni na Septemba: mvua za Mtwara ni za msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili, na kuanzia Oktoba malori ya korosho hujaa mjini.

Hesabu watu, usihesabu magari

Ukihesabu magari, gari dogo lenye dereva peke yake linalingana na kipanya chenye abiria 14. Hesabu watu na sura ya barabara itabadilika mbele yako.

Chagua siku mbili za kazi kati ya Jumanne na Alhamisi, Jumamosi moja, na Ijumaa mchana kama kuna msikiti karibu, kwa sababu baada ya sala mtaa hujaa watembea kwa miguu kwa nusu saa ambayo hakuna mhandisi aliyeikadiria. Saa za kuhesabu ni 12:30 hadi 3 asubuhi, 6 hadi 8 mchana, na 10 hadi 12:30 jioni. Weka watu wawili kila upande, fomu ya dakika 15, na safu hizi: waenda kwa miguu (wanafunzi peke yao), baiskeli, baiskeli yenye mzigo, guta na mkokoteni, bodaboda, bajaji, daladala, gari dogo, lori. Kwa kila chombo andika na watu waliomo.

Kisha pima. Chukua futi kamba ya mita 50 na upime upana kutoka ukuta hadi ukuta kila baada ya mita 25. Andika nguzo za umeme za TANESCO, mifuniko ya MTUWASA (mamlaka ya maji), miti, milango ya magari, vibanda, na mahali maji yanaposimama. Hili la mwisho ulifanye ukiongea na wenyeji, maana kiangazi hakionyeshi dimbwi. Muulize mama lishe wa kona ile maji hufika wapi Februari. Jibu lake litakuokolea mtaro mzima.

Mkato wa barabara: gawa kuanzia pembeni

Kosa linalorudiwa kila mahali ni kuanza na magari katikati, kisha kuwapa wengine mabaki. Anza na mguu, nenda kwenye baiskeli, kisha daladala. Kinachobaki ndicho cha magari, na mara nyingi kinatosha.

Kwa eneo la barabara la mita 20, mgawo unaofanya kazi ni huu. Katikati mita 6.5, yaani njia mbili za mita 3.25 ambamo basi dogo la Coaster linapita bila shida. Kila upande unabaki na mita 6.75: mita 0.75 za kingo ya kutenganisha, mita 2.0 za baiskeli kwa mwelekeo mmoja, mita 1.75 za mtaro wenye kifuniko pamoja na miti, na mita 2.25 za kutembea. Mita 2.0 za baiskeli si anasa. Baiskeli iliyobeba magunia mawili ya mkaa hufika upana wa mita moja, na mwanafunzi aliye nyuma yake lazima apate pa kupita.

Kwa mita 14, katikati iwe mita 6.0, na kila upande mita 4.0: kingo 0.5, baiskeli 1.5, miguu 2.0 juu ya mtaro uliofunikwa. Chini ya mita 12 usilazimishe njia ya pekee. Hapo shusha mwendo hadi kilomita 30 kwa saa kwa matuta ya kila mita 60 hadi 80, na baiskeli zichanganyike na wengine.

Kuhusu mwendo, wazazi waelezwe hesabu yake. Kwenye kilomita 50 kwa saa, dereva aliye macho hutumia takribani mita 28 tangu aone mtoto hadi gari lisimame. Kwenye kilomita 30 hutumia takribani mita 14. Barabara iliyonyooka na pana humwita dereva akimbie, kibao kiandike lolote. Ikibanwa hadi mita 3.0 au 3.25 mguu wake unalegea wenyewe.

Na tusidanganyane kuhusu rangi. Mstari mweupe juu ya lami hautamzuia mtu yeyote Mtwara. Ndani ya wiki moja njia ya baiskeli iliyochorwa tu inakuwa maegesho ya bajaji na pa kushushia nondo. Rangi inaeleza, kinacholinda ni zege.

Jaribio la wiki sita kwa matairi na mchanga

Kabla ya kumwaga zege, pima wazo kwa vifaa vya bei ndogo. Matairi chakavu ya magari madogo, yaliyopakwa rangi nyeupe na ukanda unaoakisi mwanga, yanafaa kuliko mapipa: gari likigonga tairi, madhara ni madogo.

Bajaji ina upana wa takriban mita 1.3, kwa hiyo nafasi kati ya tairi na tairi isizidi mita 1.2. Tairi lenyewe lina kipenyo cha kama sentimita 65. Ukipanga kutoka kitovu hadi kitovu kila mita 1.85, mita 500 zitataka matairi 270 kwa upande mmoja, 540 kwa pande zote mbili. Wengi huweka kila mita 2.5 ili kupunguza idadi, halafu wanashangaa bajaji zinapenya.

Jaza mchanga hadi juu kabisa na uushindilie. Tairi tupu hukusanya maji, maji huzaa mbu wa dengi, na afisa afya wa kata atakuwa na haki ya kuyaondoa yote.

Jaribio hili ndiyo mkutano wa hadhara wa kweli. Mtu akioneshwa mchoro husema ndiyo. Akizuiwa kuegesha mbele ya duka lake ndipo anasema anachohitaji. Andika kila lalamiko na mahali lilipotokea. Yakirundikana kwenye mita 30 zilezile, mchoro wako una kasoro hapo.

Kujenga kingo

Kingo ya kudumu hujengwa kwa mistari miwili ya mawe ya ukingo yenye urefu wa mita moja kila moja, katikati kukiwa na kifusi kilichoshindiliwa na zege jembamba juu. Upande wa magari uinuke sentimita 15. Upande wa baiskeli uwe sentimita 5 au 6 na ulale kidogo, la sivyo pedali itagonga jiwe na mpandaji ataangukia ndani ya njia yake.

Kwa mita 500, pande zote mbili, mistari miwiliwili, hesabu kamili ni mawe 2,000. Ukitoa mianya ya maji, milango na makutano, ambayo hula kama asilimia 12, na kuongeza asilimia 5 ya yatakayovunjika njiani, agiza kama 1,850. Zege la kulalia na kushikilia mgongo wa jiwe ni kama mita za ujazo 4 kwa kila mita 100 za mstari, hivyo jumla ni takribani mita za ujazo 70. Kwa mchanganyiko wa 1:2:4 hiyo ni karibu mifuko 450 ya kilo 50.

Saruji haisumbui, kiwanda cha Dangote kiko Mtwara tangu 2015. Kinachosumbua ni kokoto na mchanga. Kokoto ya matumbawe ni laini, ina vitundu na mara nyingi ina chumvi. Ifae kujazia, isifae jiwe la ukingo. Mchanga wa ufukweni usiuguse kabisa, hata fundi akiapa kwamba ameuosha. Chumvi hula nondo za mifuniko ya mitaro, na baada ya misimu michache zege linamenyeka kama ganda la muhogo.

Mwagilia mawe yaliyofyatuliwa kwa siku 7 kamili, yakiwa yamefunikwa kwa magunia yenye unyevu. Jua la Mtwara hukausha uso wa zege kabla ndani hapajashika, na jiwe la namna hiyo huvunjika kona siku ya kwanza gurudumu la lori likiligusa.

Acha mwanya wa sentimita 20 kila mita 5 ili maji ya barabarani yafike kwenye mtaro. Kitanda cha njia ya baiskeli kiwe na mwinamo wa asilimia 2 kuelekea mtaroni. Hapa ndipo miradi mingi ya pwani hufa: udongo ni wa kichanga, maji yakikosa pa kwenda hutafuta ukingo wa lami, hunyonya mchanga chini yake, na msimu wa pili lami inaning'inia hewani. Ukingo wa nje wa njia nao ushikwe na zege, hata kama fedha ni kidogo.

Njia ikikatwa ndani ya lami iliyopo, usiibadilishe. Ziba mashimo tu. Ikijengwa upya, lami au zege lililopigwa mburuzo wa ufagio kukata upana wa njia ni bora kuliko pevingi (matofali ya kupanga), maana pevingi zenye kingo zilizokatwa hutikisa baiskeli na mpandaji atahamia kwenye lami laini ya magari. Ikibidi pevingi, tumia za sentimita 6 (sentimita 8 kwenye milango ya magari), matofali 50 kwa mita mraba kwa yale ya sentimita 20 kwa 10, juu ya mchanga wa sentimita 3 na changarawe iliyoshindiliwa sentimita 15.

Mifuniko ya mtaro iwe ya zege, sentimita 60 kwa 50 kwa 8. Kila mmoja una uzito wa karibu kilo 58; watu wawili wanauinua wakati wa kuzibua. Mfuniko wa chuma utaishia kwenye mzani wa chuma chakavu. Matundu ya kupitishia maji yakate upana wa njia, yasielekee mbele, kwani tairi jembamba la baiskeli litazama humo.

Makutano

Mtu wa baiskeli hagongwi sana katikati ya mtaa ulio na kingo. Anagongwa pale gari linapokata kona. Kwa hiyo fedha ikipungua, punguza urefu wa njia, usipunguze makutano.

Kona nyingi za zamani zina nusu kipenyo cha mita 10 au zaidi, gari linazikata bila kupunguza mwendo. Zibane hadi mita 4 au 5. Lori likihitaji nafasi, jaza tofauti kwa mawe yaliyopandishwa sentimita 3 hadi 5: lori litapanda polepole, gari dogo litazunguka nje. Njia ya baiskeli irudi nyuma mita 4 hadi 5 kabla ya kuvuka mtaa wa pembeni, ili gari lililokwisha kukata kona lipate pa kusimama, likiwa limemkabili mpandaji uso kwa uso.

Kivuko chenyewe kipandishwe kama tuta bapa la sentimita 10, na miteremko yake iwe mita 1.5 hadi 2 kila upande. Tuta kali la fundi wa mtaa huvunja springi za vipanya, na makonda ndio watakaoongoza kampeni ya kulibomoa. Mita 10 kabla ya makutano pasiegeshwe chochote.

Vituo vya daladala

Mtwara haihitaji mabasi ya mwendokasi kama yale yaliyoanza Dar es Salaam mwaka 2016. Inahitaji daladala kusimama mahali panapojulikana, bila kukwama na bila kumkanyaga wa baiskeli.

Acha mtindo wa kuchimba ghuba pembeni, yaani upenyo wa daladala kusimama nje ya njia. Daladala ikiingia ghubani inaomba kutoka, na bajaji huligeuza ghuba kuwa makazi. Isimame njiani palepale. Magari ya nyuma yasubiri sekunde 20. Kingo ipanuke kuwa kisiwa chenye upana wa mita 2.5 na urefu wa mita 16, zinazotosha Coaster mbili. Baiskeli ipite nyuma ya kisiwa, na abiria wavuke njia hiyo mahali pamoja palipopandishwa. Kwenye barabara ya mita 20, upana wa ziada uuchukue kwenye ukanda wa miti. Kwenye ya mita 14, kubali kisiwa cha mita 1.5 au hamishia kituo penye nafasi. Vituo viwe kila mita 300 hadi 400. Paa liweke kwa kufuata kivuli cha saa 9 alasiri, maana watu wakichomwa na jua watasimama chini ya mwembe mita 40 mbele, na daladala itawafuata huko.

Kituo cha njia ya Mikindani kiwe na maegesho ya baiskeli. Bomba la kipenyo cha sentimita 5, lililokunjwa kama U iliyopinduliwa, kimo sentimita 75, upana 80, miguu sentimita 30 ndani ya zege, hubeba baiskeli mbili. Bomba moja la mita 6 hutoa mawili. Liwe la mabati na lipakwe rangi kila mwaka, kwa ajili ya hewa ya bahari.

Bodaboda, bajaji na wauzaji

Ukweli wa Mtwara ni kwamba usafiri wa umma wa mtaani ni bajaji na bodaboda. Mpango unaowachukulia kama uchafu wa kufagiwa utaharibiwa nao, na watakuwa na sababu. Kaa na mwenyekiti wa kila kijiwe kabla ya kuchora, mpe nafasi halisi: mita 1.5 kwa 3.0 kwa bajaji, mita 1 kwa 2.2 kwa pikipiki, kwenye mdomo wa mtaa wa pembeni, mbali na mita 10 za makutano, penye kivuli. Kijiwe kila mita 150 hadi 200 kinatosha.

Nguzo za kuzuia bajaji mwanzoni mwa njia ziache mwanya wa mita 1.2, ambao baiskeli ya mlemavu inapita, na ziwe pembeni; nguzo ya katikati huvunja watu usiku. Pikipiki haizuiwi na nguzo yoyote. Inayoizuia ni foleni fupi barabarani, vivuko vilivyopandishwa, na wasimamizi wa kijiwe chenyewe waliokubaliana faini zao.

Machinga na mama lishe wapewe ukanda wa miti, si njia ya miguu. Panda mwarobaini kila mita 6 hadi 8, shimo la sentimita 60 lenye samadi, lita 20 mara mbili kwa wiki kiangazi cha kwanza, na uzio dhidi ya mbuzi. Mkungu una kivuli kizuri lakini mizizi yake hupasua pevingi. Mnazi usipandwe juu ya njia: nazi ikianguka haichagui kichwa.

Baada ya kufungua

Tenga fedha ya ufagio kabla ya fedha ya utepe. Mchanga ukifika sentimita 2 ndani ya njia, tairi jembamba linateleza na wapandaji wanarudi barabarani. Fagia mara moja kwa wiki, mara mbili msimu wa upepo, na zibua mianya ya maji kila baada ya mvua kubwa. Watu wawili wenye toroli wanaweza kutunza mita 800 kwa nusu siku.

Rudia hesabu ileile, saa zilezile, fomu ileile, baada ya miezi mitatu na baada ya mwaka. Ukikuta baiskeli zinapita kwenye lami ya magari huku njia yao iko tupu, usiwalaumu. Panda baiskeli uipite njia hiyo mwanzo hadi mwisho saa 7 mchana, kisha tena saa 1 usiku, ukiwa na gunia nyuma. Palipokufanya utoke ndipo pa kurekebisha, na mara nyingi ni pahali pamoja: mfuniko uliozama, bajaji iliyoegeshwa, au mita 60 zisizo na kivuli wala taa.